Filta ya Rangi za Mafuta na Uso wa Mama Kwamboka

Siku ya kwanza kazini nilipewa kibano cha plastiki, si kamera. Bwana Dinesh, mwenye studio mjini Kisii, aliniingiza kwenye chumba cha giza, akawasha taa nyekundu na kusema, "Dada, hapa picha haishikwi kwa mkono. Dawa inakula kidole, halafu kidole kinaharibu picha." Nilikuwa nimetoka Nyaramba na darasa la sita langu, miaka ya tisini bado michanga. Nilidhani nimepata kazi safi. Kifua changu cha leo kingekujibu vingine.

Nyinyi mnaobonyeza simu picha ikatoka, sikilizeni. Karatasi ililowekwa kwenye dawa ya kwanza hadi uso ukatokea polepole, kisha kwenye dawa ya pili ili usifutike. Baadaye Bwana Dinesh alinifundisha kutia rangi picha za nyeusi na nyeupe. Unazungusha pamba kwenye kijiti, unachovya, unapaka mashavu, midomo, leso. "Kidogo, dada, kidogo," alikuwa akisema. "Huyu ni mama wa mtu, si keki."

Nilipelekwa tawi la Nyamira kupiga picha ndogo za fomu za shule na kazi. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini nikarudishwa Kisii, maana kompyuta ilikuwa imefika. Ilifika pamoja na Meneja. Jina lake Ombati. Nitalitaja tena, kwa hiyo lishikeni.

Ombati alikuwa amesomea kompyuta Nairobi. Alitufundisha skana, ile mashine ya kioo inayonakili picha ya karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Alitufundisha pia filta, yaani amri ndani ya programu inayobadilisha picha ionekane imechorwa kwa brashi na rangi za mafuta. Kwa hilo namshukuru, nisije nikasemwa nina chuki tu.

Filta ile ndiyo ilitulisha, na sababu ni matanga. Kwetu picha ya marehemu hubebwa mbele ya jeneza. Lakini wazee wengi hawakuwahi kupigwa picha maishani ila ile ya kitambulisho. Ukiikuza iwe kubwa kama trei ya chai, uso unavunjika vipande vya mraba, unakuwa kama ukuta wa matofali. Ukiweka filta, matofali yanageuka kuwa michirizi ya brashi, na watu wanasema, "Angalieni, mzee amechorwa!"

Mimi nilikuwa na namna yangu. Nilinakili picha, nakala ikakaa juu ya ile ya asili kama shuka juu ya godoro. Filta niliiweka kwenye shuka peke yake. Kisha kwa kifutio nilitoboa pale penye macho, ili macho ya kweli yachungulie kutoka chini. Nguo waweza kuzichora utakavyo. Macho ukiyachora, umetengeneza mtu mwingine.

Basi akaja Bosibori kutoka Birongo, na kitambulisho cha mama yake aliyefariki, Mama Kwamboka. Nilikiweka kwenye skana, akaondoka nacho, kwa sababu kilitakiwa ofisi ya serikali ili familia ipewe kibali cha mazishi. Kikienda huko hakirudi. Picha nyingine hawakuwa nayo.

Mama Kwamboka alikuwa na masikio ya zamani, yale ya akina omong'ina, bibi wazee wetu, ndewe zimetobolewa na kuvutwa hadi zikaning'inia. Niliyaacha vile vile. Nilikuwa nimefika machoni Ombati aliposimama nyuma yangu.

"Huyu anaenda kanisani na masikio ya kipagani?"

"Meneja, ndiyo masikio yake."

"Toka hapo."

Akakaa kwenye kiti changu. Akachukua ngozi ya shavu, akaibandika juu ya ndewe mpaka zikazibwa. Kisha akaunganisha shuka na godoro vikawa kitu kimoja, akamwaga filta juu ya uso wote, macho na kila kitu.

"Meneja, hifadhi basi kwa jina lingine. Ya kwanza ibaki."

"Diski imejaa. Kwani nani amesoma hapa, ni wewe?" Akabonyeza. Ikahifadhiwa kwa jina lile lile, ya kwanza ikafutika.

Bosibori alikuja kuchukua picha pamoja na shangazi yake, mwanamke wa maneno. Shangazi aliitazama, akairudisha mezani kama sufuria ya moto.

"Yaya! Hapana, huyu siye. Huyu ni Moraa jirani yetu, na jana alituletea ndizi za matanga!"

Watu dukani wakacheka. Bosibori hakucheka. Kubeba uso wa mtu aliye hai mbele ya jeneza, kwetu ni kumwitia kifo. "Mama yangu yuko wapi?" akauliza. "Nirudishieni kama alivyokuwa."

Ombati alininyooshea kidole. "Ni huyu. Shule hana. Nilimwambia asiguse."

Bwana Dinesh aliniita pembeni. "Dada, ni wewe?"

"Si mimi. Na unajua si mimi."

Akatazama sakafu. "Kompyuta ikiharibika, ni yeye anajua kuitengeneza." Ndivyo nilivyopelekwa tawi la Nyansiongo, kwenye chumba kingine cha giza, na mvuke wa dawa ukamalizia kifua ulichoanza. Naye namtaja, kwa sababu kutazama sakafu pia ni kazi aliyoifanya. Mama Kwamboka alizikwa bila picha.

Sasa nimestaafu, kama kukohoa nyumbani ni kustaafu. Vijana wa studio huja kuniuliza kazi, nami nawaambia jambo moja: picha ya asili iwekeni kando kwanza, hata bosi akifoka.

Juzi nilikutana na Bosibori sokoni Nyaramba. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Wewe ndiye uliyenipotezea mama."

"Alikuwa Ombati, dada yangu. Meneja."

"Ombati simjui," alisema. "Niliyemkabidhi mama ni wewe." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wajukuu wake wananiuliza alifananaje. Wewe ulimtazama kwa karibu. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Tukakaa juu ya magunia ya viazi, nikaanzia machoni.