Vitabu Vitatu Nilivyobeba Mugunga

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Umeniuliza ni kipi ninachokipenda zaidi kati ya vitabu hivi vitatu. Swali dogo, lakini limenivuruga kichwa. Kaa basi nikueleze.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Majengo, namaliza sekondari, kichwa kikubwa kuliko shingo. Vita vilipofika tukakimbilia kambi ya wakimbizi ya Mugunga kwa miguu. Mama alibeba sufuria na maharagwe. Mimi nikabeba vitabu: cha imani, nilichopewa siku ya kipaimara, cha hesabu, na cha programu za kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe sikuwahi kuigusa. Programu niliandika kwenye daftari, kisha nikaziendesha kichwani. Usicheke!

Kwa mkono mwingine nilipewa kumshika mdogo wangu Masika, wa miaka sita. Tulipoingia kambini, kwenye msongamano, vitabu vikaniponyoka. Nikauachia mkono wa mtoto nivikamate. Nilipoinuka, hayupo.

Mama hakunipiga, na heri angenipiga. Alikaa juu ya yale mawe meusi ya volkano akasema, "Uniletee mutoto wangu."

Nikakimbilia vitabu. Cha imani kiliniambia niombe, nikaomba. Cha hesabu kilinifundisha kuligawa eneo, nikachora kambi nzima, mistari ya vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki. Cha programu kilisema: kagua kimoja kimoja, ukimaliza weka alama, usirudi nyuma. Basi nikachungulia kila kibanda, nikaweka alama, nikasonga. Siku tatu! Mistari ikaisha, mtoto hakuna. Hesabu ilikuwa sahihi, sasa kosa liko wapi? Nilimlaumu Mungu, nikatubu, nikamlaumu tena.

Jirani yetu pale kambini alikuwa muzee mmoja aliyetoka Masisi, katekista. Alikuwa akiniangalia tu tangu siku ya kwanza. Akaniita.

"Mutoto, unapitaka kwa watu kama mutu anahesabu mbuzi. Ulisalimia nani?"

Nikajibu kwamba nilikuwa na haraka.

"Watu si mawe. Wanaenda na ndoo ku mayi, wanaenda ku kuni, wanaenda ku sala. Rudia mwanzo. Salimia, useme jina ya mutoto."

Akili nyingi huondoa maarifa, mwanangu. Niliona aibu hata masikio yakawaka. Vitabu nikamwachia mama, nikarudi mwanzo mikono mitupu, mlango kwa mlango, jambo mama, jambo papa. Kwenye mstari wa pili mama mmoja wa kabila la Wahunde akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nilipotaja jina la Masika, akageuka akaita ndani.

Akatoka mdogo wangu, amevaa shati la mtu mwingine. Kibanda hicho kilikuwa na alama kwenye daftari langu tangu siku ya kwanza.

Nilimkumbatia nikilia. Yeye hakulia, akaniita kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa:

"Yaya, ile siku nilikuwa ninatoka ku mayi, nikakuona unachungulia kwetu. Nilikuita sana. Ulikuwa unaandika. Juu ya nini haukugeuka?"

Nikamshika mkono, nikamrudisha kwa mama.

Sijui ni kitabu gani kilikosea. Pengine hakuna. Pengine maombi yalijibiwa siku ile ile ya kwanza, mimi nikapita nimeinama. Nikifika hapo nachanganyikiwa, naviweka vyote vitatu pamoja, naacha.

Kwa hiyo visome, ni vyako. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na salamu si kupoteza wakati. Uwe na hesabu ngumu kiasi gani, mtu akikuita, weka kalamu chini, ugeuke. Masika ana watoto wake sasa. Nikipita mbele ya nyumba yake, mimi hugeuka hata asiponiita.

Mungu akupe akili ya kuhesabu na masikio ya kusikia. Na mkono utakaopewa kuushika, mwanangu, akujalie usiuachie kwa ajili ya kitu.