Picha zangu za bustani ya mtaa, Tunduma, nusura zimfukuzishe kazi Mama Tumaini

Wakuu, habari za mahangaiko.

Andiko hili nimelifuta mara tatu kabla ya kulituma. Kuandika siwezi sana, shule niliishia la saba. Ila ninayoyasema ndivyo yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Mimi naishi Tunduma, kibanda changu cha nguo kiko Nakonde, upande wa Zambia. Asubuhi navuka, jioni narudi.

Mtaani kwetu tuna bustani ndogo. Mabenchi manne, bomba la maji, miti michache na mparachichi mmoja mkubwa. Mtu akisikia Tunduma anawaza malori na vumbi tu, na mimi hilo lilikuwa linaniuma.

Nikaamua: kila Jumamosi saa mbili kamili asubuhi, nikisimama juu ya jiwe lile lile, naipiga bustani picha moja kwa simu. Mwaka mzima, nione inavyobadilika.

Mke wangu alicheka. "Baba Joy, miti ile ile kila wiki, kwani itakimbia?"

Nilienda hivyo hivyo.

Nilianza mvua za Novemba. Matope, nyasi zikachipua hadi zikafunika miguu ya mabenchi. Kuna Jumamosi mbili nilipiga picha mwavuli ukiwa shingoni. Aprili mvua zikaisha, nyasi zikaanza kuwa njano. Juni ikaja baridi yetu ile ya vidole kugoma kubonyeza simu. Sikukosa hata wiki moja.

Hiyo Juni ndipo niliona kitu.

Picha za Mei, kivuli cha mparachichi kinapita benchi la kwanza hadi kinagusa bomba. Picha za Juni, kivuli hakifiki hata kwenye benchi. Wiki moja tu imepita!

Mti wenyewe kwa macho sikuuona umepungua. Ila nikajiambia macho huzoea, picha haizoei.

Sasa, anayetunza bustani ni mama mmoja, Mama Tumaini. Anafagia, anamwagilia, kamati ya mtaa inampa posho. Na mimi nilishamwona mara kadhaa akiondoka na mzigo wa kuni kichwani.

Nikaunganisha mwenyewe. Anakata matawi.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, maana mimi huwa najitilia shaka hata nikihesabu chenji. Mwisho nikampelekea mwenyekiti wa kamati picha zote, za Mei na za Juni.

Akazitazama, akasema, "Picha haina ndugu." Akaniambia Jumapili baada ya ibada kamati itakaa, na Mama Tumaini atafutiwa mtu wa kumrithi.

Siwafichi wakuu, nilirudi nyumbani najiona mtu wa haki.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, nikaenda kupiga picha kama kawaida. Mama Tumaini amekaa kwenye benchi anakunywa chai na viazi. Hakujua kama mimi ndiye niliyemshtaki.

Akanitania: "Mwanangu, siku hizi umekuwa mvivu eeh? Zamani ulikuwa unanikuta nafagia. Sasa unanikuta niko na chai, bado kidogo utanikuta nimelala."

Nikacheka, halafu kicheko kikaisha.

Nikafungua picha. Novemba hadi Mei, kila anapoonekana ameinama na ufagio. Kuanzia Juni, kila anapoonekana amekaa na kikombe.

Nikamuuliza, "Mama, saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa tatu imepita. Si unasikia kwaya wameshaanza mazoezi?"

Simu yangu inasema saa mbili na dakika chache.

Kwa msio wa huku: Zambia wako nyuma yetu saa moja. Mwanzoni nilikuwa naangalia saa ya ukutani nyumbani. Mwishoni mwa Mei ikaisha betri, nikaanza kutegemea simu. Na simu yangu ina laini ya Zambia kwa ajili ya biashara, inafuata saa ya kule. Siku za kazi sikuona tofauti, kibanda nakifungua kwa saa ya Nakonde. Jumapili kengele ya kanisa ndiyo inaniita.

Kwa hiyo tangu Juni nilikuwa napiga picha saa tatu. Jua limeshapanda, kivuli kimefupika. Mti haujaguswa na mtu.

Yaani Mtunduma mzima naponzwa na saa ya Zambia!

Jumapili kabla ya ibada nikaenda saa mbili ya kweli. Nikasimama juu ya jiwe. Kivuli kimepita benchi, kimegusa bomba. Nikapiga.

Kwenye kikao nikasimama kabla ya mwenyekiti kufungua mdomo. Nikayasema yote na picha nikaonyesha. Watu walicheka, mmoja akanipigia salamu ya Kibemba, lugha ya kule Zambia, "Mulishani mukwai!" Nikaitikia. Ningefanyaje?

Kuhusu kuni, niseme kwa haki. Mama Tumaini alikiri anaokota matawi makavu yaliyoanguka. Mjumbe mmoja alisema hata hayo angeomba kwanza, na naona ana hoja. Wakakubaliana awe anatoa taarifa. Kazi amebaki nayo.

Baada ya kikao nikamfuata kumwomba radhi. Akafunga vizuri kitenge chake.

"Jumamosi zote hizo tunaonana, mwanangu. Ungeniuliza."

Basi. Hakuongeza neno, akaenda zake.

Nimejifunza kwamba miezi yote ile niliuliza picha, na mtu mwenyewe yuko hatua kumi mbele yangu. Picha za saa tatu sikuzifuta, nimeziandika "saa tatu" ili nisije kujidanganya tena. Saa ya ukutani nimeitia betri. Mwaka nimeuanza upya, wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, na safari hii nikifika namsalimia mama kwanza ndipo natoa simu.

Nani mwingine humu alishawahi kumshtaki mtu kwa ushahidi wa macho, kosa likawa lake? Ulimwangaliaje usoni baada ya hapo? Semeni, hata kunisema mimi ruksa.