Ya Kunywea

Mwalimu wetu wa darasa la tatu kule Msambweni, miaka ya hamsini, alikuwa mtu wa bara, na mikono yake haikujua kutulia. Aliipindua baiskeli yake magurudumu juu, akazungusha pedeli kwa mkono, taa ikawaka mchana kweupe, nasi tukapiga kelele utadhani kuna harusi. Siku nyingine alitukunjia karatasi za mifuko ya sukari: kofia, tiara ya kupeperusha, chura wa kuruka. Wasichana tulikuwa wachache, lakini hakutubagua hata siku moja. Pedeli tuliizungusha na sisi. Nilimpenda mwalimu yule, sisemi uongo.

Baba alikuwa amekubali nisome kwa shingo upande. Alisema wazi kwamba akisikia neno la ajabu kutoka shuleni, narudi jikoni kwa mama.

Basi siku hiyo mwalimu akatufundisha kikombe. Unakunja karatasi pembe kwa pembe mpaka inakuwa kitu kidogo, bapa. Ukiifinya, inafunua mdomo, unachotea maji. Changu nilikifunga kwenye pindo la leso, nikaenda nacho nyumbani. Mama akaitaka leso aifue. Alipofungua fundo akakuta karatasi imekunjwa vizuri, pembe zimeingizwa ndani. Kwetu, karatasi iliyokunjwa namna hiyo ni hirizi.

"Nani kakupa?"

"Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mwalimu si wa shule tu. Hata anayewasomea watu dua na kuwaandikia hirizi ni mwalimu.

"Ya nini?"

"Ya kunywea."

Lo! Mama alipiga ukelele majirani wakatoka nje. Alidhani nimepewa kombe, yale maandiko yanayooshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. "Mwanangu kanyweshwa kombe! Tena na mtu tusiyemjua kwao!"

Baba akaja mbio kutoka shambani, jembe lingali mkononi. Akaitazama karatasi pale mkekani, asiiguse. Hirizi haifunguliwi ovyo.

"Basi," akasema. "Kumbe huko shuleni wanawaandikia watoto hirizi! Shule imekwisha. Kesho huendi."

Machozi yalinitoka, kisha hasira zikayakausha. Nina hasira za karibu mimi, tangu utotoni. Nikainyakua ile karatasi, nikaifinya, mdomo ukafunuka, nikaichovya mtungini, nikanywa maji gudugudu mbele yao.

"Mama yangu wee!" akalia mama.

"Kikombe!" nikamfokea baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. "Ni kikombe! Hamna hata herufi moja humu!"

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba alikitwaa kikombe, akachungulia ndani, akakigeuza chini juu.

"Hakivuji?"

"Kinavuja ukikawia. Kunywa upesi, baba."

Akachota, akanywa, na akakawia. Maji yakamchuruzika ndevuni mpaka kifuani. Mama alijizuia, alijizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa chini na leso yangu mapajani. Majirani nao wakacheka, ingawa sidhani walijua wanacheka nini.

Baba akajifuta ndevu kwa kiganja, uso mkavu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kesho ukifika shuleni," akaniambia, "muulize huyo mwalimu wako, birika je, analiweza?"