Bibi Yangu Kwenye Kitabu cha Mwenzangu

Maharage yalikuwa yameungua. Nilipofika mlangoni na kuisikia harufu ile, nilijua tu kwamba binti yangu amepata kitabu kipya. Nilikuwa natoka kazini Kizota, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti ambako napokea magunia ya wakulima. Nikamkuta uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, jiko la mkaa mbele yake, kitabu usoni, na sufuria inafuka moshi kama tanuri la matofali. Nilifungua mdomo nigombe. Akainua uso, macho yamelowa, akasema, "Mama, humu kuna bibi anaongea kama bibi yako."

Ugomvi ukanikauka mdomoni. Nikamwambia alete hicho kitabu.

Lakini ngoja kwanza nikwambie mimi ni msomaji wa namna gani, usije ukafikiri nimeanza kusoma siku hiyo. Nasoma kila anachosoma mwanangu. Umeme ukikatika kiwandani na mashine zikanyamaza, wenzangu wanachati, mimi natoa kitabu. Vya vijana vya siku hizi navipenda kuliko ninavyokubali mbele za watu. Wasichana wa humo wana midomo, wanaulizwa na wanajibu. Shida yake ni simu. Watu wawili watagombana kwa meseji kurasa na kurasa, na katika muda wote huo hakuna aliyekwenda kuchota maji wala kuulizwa amekula nini. Vya watoto wadogo vina picha nzuri mpaka unatamani kuzilamba, ila ukiona hadithi imeanza na mbuzi mtundu usipate tumaini, maana mwishoni mbuzi huyo atafundishwa kunawa mikono. Na vya mapenzi, ndugu yangu! Mwanamume lazima awe mrefu, awe na gari, anukie, na asiwe na mama. Nimeishi Dodoma miaka yote hii, sijamwona mwanamume asiye na mama. Tena wanabusiana barabarani na hakuna anayepiga chafya, na vumbi lote hili.

Hata hivyo navisoma mpaka mwisho, na kila nikifunga kimoja moyo unaniuma kidogo. Ni wivu. Watoto hawa wanafungua kitabu wanakutana na msichana anayeitwa kama wao, anayekula mlenda kama wao, anayeogopa hisabati kama wao. Sisi hatukupata hayo. Sisi vitabu tuliviona kwa jirani.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, katika kijiji kimoja juu ya Kibakwe, kwenye vilima ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni na kuku wanasita kutoka. Jioni zetu zilinukia moshi wa kuni na maganda ya maharage. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kufagia uwanja na kuchambua mboga. Bibi alipeta, alitwanga, alisonga ugali, na muda wote huo alikuwa anaongea. Aliongea na kuku, aliongea na mvua iliyochelewa, aliongea na marehemu babu kana kwamba amekwenda tu kuangalia mahindi. Kiswahili alikisikia vizuri sana, lakini alikijibu kwa Kigogo.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, mgeni aliyehamishiwa shule yetu kutoka mbali, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye binti mmoja wa rika langu. Alikuja na kitanda, meza, na boksi la vitabu vya hadithi. Boksi zima! Binti wa mwalimu akaanza kuja kwetu saa za magharibi, mwanzoni kuomba moto, baadaye bila kuomba chochote. Siku moja alikuja na kitabu kwapani. Bibi akamwambia asome tusikie.

Alisoma, na ungo wa bibi ukasimama hewani. Nilimtazama bibi yangu, mwanamke ambaye hata mchungaji akihubiri yeye huendelea kuchambua mchele kwenye kanga, sasa ameacha kupeta kwa sababu ya sauti ya mtoto wa watu. Kesho yake nikaomba nisome mimi. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, kituo, neno. Bibi alinivumilia ukurasa mmoja, halafu akasema kwa upole kabisa, "Mpe mwenzio, maji yanapoa." Sijui maji gani. Lakini nilielewa.

Tangu hapo msomaji akawa yule, na bibi akawa mhukumu. Maana bibi hakusikiliza hadithi kimya kimya. Msichana kitabuni akitoroka na mwanamume, bibi atauliza, "Huyo hana shangazi?" Watu wakisafiri siku nyingi bila kula, atasema, "Hadithi ambayo hakuna anayeona njaa, aliyeitunga alikuwa ameshiba." Na kitabu kikiishia harusini, kama vilivyoishia vingi, aligeuka mkali kweli: "Harusi ni kupanda. Mbona hamnionyeshi mavuno?" Binti wa mwalimu, ambaye Kigogo alikuwa ameshakiokota shuleni, alicheka mpaka anashika mbavu, kisha akamwomba arudie. Mimi sikucheka. Maneno hayo nilikuwa nayasikia bure tangu naanza kutambaa, na sasa kulikuwa na mtu anayeyapokea kwa mikono miwili kama zawadi ya Krismasi.

Ukitaka kujua wivu wa mtoto unakaa wapi, unakaa kwenye ukoko. Ukoko wa ugali, ule uliobanduka kwenye chungu ukiwa mkavu na wa kahawia, ulikuwa wangu. Hakuna aliyeandika popote, lakini ulikuwa wangu. Jioni moja, baada ya hadithi iliyomkolea, bibi aliubandua wote akamwekea binti wa mwalimu mkononi. "Koo lake limefanya kazi," alisema. Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu mpaka baridi ikanirudisha.

Baadaye mwalimu alihamishwa tena. Waliondoka asubuhi kwa lori la mahindi, na bibi akasimama barabarani mpaka mlio wa lori ukaisha kabisa upande wa pili wa kilima. Boksi liliondoka nao. Niliyetaka aondoke ameondoka, nikabaki na bibi peke yangu, na nyumba ikawa kimya namna ambayo sikuitegemea.

Sasa nirudi kwenye maharage.

Nilikisoma kitabu kile siku mbili, na siku ya pili nilisema kazini kwamba kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma. Ni kitabu cha vijana. Msichana mpweke anahamia kijiji cha milimani na baba yake mwalimu. Jirani kuna bibi mmoja. Ukurasa wa kwanza aliotokea alikuwa anapeta, na kabla hajafika chini ya ukurasa alikuwa ameuliza, "Huyo hana shangazi?"

Nilikiweka chini. Nikatembea uani. Nikarudi.

Alikuwa yeye mzima mzima. Namna anavyofunga kanga kwa fundo la upande wa kushoto. Namna anavyomnyooshea kidole mvua. Njaa, mavuno, vyote vimo. Na kama msomaji lazima niseme haki hata kama inanichoma: ni kitabu kizuri. Ni kizuri kuliko vyote nilivyosoma karibuni. Watu wanakula humo, wanakonda, wanachota maji, na mapenzi ya yule msichana na kijana wa mashine ya kusaga yanakwenda polepole, kwa aibu, kama mapenzi ya watu wenye wazazi. Kasoro yake niliyoiona ni moja. Katika nyumba ya bibi yule hakuna mjukuu. Kuna kuku, kuna kinu, kuna jiko la mafiga. Mimi simo.

Picha ya mwandishi ilikuwa nyuma ya kitabu. Amenenepa kidogo, amesuka vizuri, lakini macho ni yale yale ya binti wa mwalimu.

Nilipomweleza mwanangu, alifurahi kama ameshinda bahati nasibu. Akaenda kuwatangazia wenzake shuleni kwamba bibi wa kitabu ni bibi wa mama yake. Alirudi amenuna. Walimcheka. Walimwambia kila mtu anataka kuwa ndugu wa mtu maarufu. Hata maneno ya bibi, yale ya harusi na mavuno, wasichana wameyaweka kwenye status zao, na chini yake wameandika jina la mwandishi. Hapo nikasema basi. Tukasikia kwamba atakuja mjini Jumamosi kuzungumza na vijana kwenye ukumbi mmoja wa shule, nikamwambia mwanangu avae vizuri.

Maneno niliyapanga njia nzima. Yalikuwa makali na yaliyonyooka. Tukapanga foleni na wasichana wenye vitabu vyao, na zamu yetu ilipofika mwanangu akasema, "Shikamoo," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu, nikuandikie jina gani?" bila kuinua kichwa.

Nikasema, "Bibi wa humu ndani ana mjukuu."

Kalamu ilisimama. Aliinua uso, akanitazama muda, kisha akasukuma kiti nyuma. "Mjukuu wa Bibi!" alipiga kelele mbele ya ukumbi wote. "Jamani, ni wewe?" Akanikumbatia kabla sijatoa hata neno moja kati ya yale niliyoyapanga.

Baada ya shughuli tulikaa barazani na soda. Nikamuuliza, bila kuzunguka, "Mbona mimi simo?"

Hakukwepa. "Nilijaribu kukuandika," alisema. "Kila nikikuweka, bibi anakuwa wako. Nilitaka mara moja tu awe wangu."

"Alikupa ukoko wangu."

"Sikuula. Nilimpelekea baba. Nilimwambia nimepewa na bibi yangu." Akaiweka chupa ya soda chini. "Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu? Nikitoka kwenu naingia nyumba ambayo baba anasahihisha madaftari na hakuna anayeniuliza kwa nini nimekonda. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusoma mchana kutwa, kwa sauti, ili jioni bibi asinifukuze."

Ningepaswa kulainika, nami nililainika kiasi. Lakini sitakudanganya. Nilichowaza ni kwamba hata wivu ameuchukua. Miaka yote niliutunza kama mali yangu, kumbe naye alikuwa na wake, tena ameweza kuutengenezea kitabu.

Halafu akaniuliza alichokuwa anataka kuniuliza tangu aliponikumbatia. "Alikufaje? Kitabuni nilimwacha hai, kwa sababu sikujua. Alisema nini mwishoni? Naandika cha pili."

Nilikunywa soda. Mbele yangu vijana walikuwa wanapiga picha na vitabu vyao.

"Alikwenda salama," nikasema.

Alisubiri. Ni mwandishi, anajua kusubiri. Mimi nami nimelelewa na bibi aliyeongea kutwa, najua kunyamaza. Mwisho akanishika mkono, akaandika kwenye kitabu cha mwanangu kwamba kuna mjukuu wa kweli wa bibi huyu na huyu ni binti yake. Mwanangu alikikumbatia kifuani kama kitoto. Jumatatu wangeona nani anacheka.

Tuliamua kurudi nyumbani kwa miguu, jua lilikuwa limepungua makali. Nikawa najaribu kumsikia bibi. Nilitaka nimsikie akisema lile la njaa, na likaja, lakini lilikuja kwa Kiswahili, safi, lenye nukta na mkato, kama lilivyochapwa. Nikajaribu la shangazi. Nalo vile vile. Nikasimama barabarani na hofu. Bibi yangu hakusema hata neno moja kati ya hayo kwa Kiswahili. Aliyasema kwa Kigogo, kwa lile koo lake la moshi, na mwenzangu aliyafasiri vizuri mno kiasi kwamba ya kwangu yamefutika. Nyumba ile ilishaanguka, uwanja wake umelimwa mahindi, na wale waliokuwa wanamjibu bibi kwa lugha yake wamezikwa au wamehamia kwa watoto wao mijini. Lililobaki bila kuguswa ni lile la mwisho tu, aliloniambia alfajiri ile mimi nimemshika kichwa. Hilo halimo kitabuni. Hilo bado lina sauti yake.

"Mama," mwanangu akauliza, "bibi alisema nini kweli?"

Nikamwambia. Nililisema kama alivyolisema, polepole, kwa Kigogo, pamoja na lile jina alilokuwa akiniita mimi peke yangu. Mwanangu, aliyezaliwa na kukulia mjini, alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Maana yake nini?"

Nikamfasiria. Kwa Kiswahili likawa neno la kawaida tu, la mwanamke mzee anayetaka kujua kama kuku wameshafunguliwa. Jina lenyewe sikulipatia Kiswahili kabisa.

"Aa," alisema mwanangu, akanishika mkono tukaendelea kutembea.

Sasa tunaolijua neno lile tuko wawili, na mmoja wetu halielewi.