Sauti ya Bibi Ndani ya Seva

Usiku ule nililala na swali ambalo halikupaswa kumshinda mtu kama mimi. Nilikwenda India kwa nauli niliyoichuma mwenyewe nikichomelea mageti, nikarudi na diploma ya kompyuta, na hapa redioni hakuna mashine inayowaka bila mkono wangu. Asubuhi nilitakiwa kuchagua mfumo wa faili wa seva mpya, ile itakayohifadhi sauti zote za zamani. Kanda zenyewe zimeliwa na ukungu. Tumebaki na nakala moja tu.

Mifumo ilikuwa miwili. Wa kwanza ni mwepesi, lakini diski ikianza kuoza, mfumo wenyewe haugundui. Hukupa kilichobaki kana kwamba ni kizima. Wa pili hukagua kila faili kabla ya kuifungua, na ikiwa imeharibika hukataa. Kuiponya hauwezi bila nakala ya pili, na hiyo mkurugenzi ameikataa.

"Weka huo unaofungua kila kitu, Bwana India," aliniambia akicheka. "Msikilizaji atajuaje?"

Basi usingizini nikajiona nimo chumba cha seva. Baridi. Katikati ya mashine umetandikwa mkeka, na juu yake amekaa bibi yangu Mwanahawa, mama yake baba, marehemu. Zamani alirekodiwa hapa akitaja ukoo wetu. Anasuka ukili wa mkeka, na huku anasuka anautaja ukoo.

"Mbwana alimzaa Kombo. Kombo alimzaa Salimu, mume wangu. Salimu alimzaa Zuhura, na Hadija."

Hakusita popote. Sauti ni ileile, tamu, haina mkwaruzo. Lakini kati ya Zuhura na Hadija alizaliwa baba yangu.

"Bibi, na Bakari?"

"Bakari yupi?"

"Mwanao. Baba yangu mimi."

Ananitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia. "Kijana, unatafuta nyumba ya nani?"

Namwambia mimi ni mjukuu wake, nimesoma, nimerudi, seva hii ni kazi yangu. "Hongera, mwanangu," anasema. "Kwenu watafurahi."

Chumba si chumba tena, ni ukumbi wa nyumba yake, na baba amesimama mlangoni. Anabisha hodi. Bibi hamsikii. Anarudia ukoo tangu mwanzo, na kila akirudia, jina jingine halimo, naye hajui. Hadija ametoka. Salimu ametoka. Mwisho anatua ukili mapajani.

"Nahisi wepesi," anasema. "Kama nimepunguka, usinifanye niseme."

Niliamka jasho likinitoka, nikiyatamka maneno hayo. Nitaweka mfumo wa pili. Najua itafika siku nitamwita bibi na mashine itanikatalia, nami sitakuwa na la kufanya. Nitamkosa. Lakini hatamkana mwanawe kwa sauti yake mwenyewe.