Wajerumani Wanataka Kujua Mama Alicheka Nini

Mtu akikwambia kitabu chake kinatoka Ujerumani, usimpongeze. Mpe pole, mpe kiti, mpe chai. Mimi nilipongezwa Malaba nzima, kuanzia ofisi ya uwakala wa forodha ninapochapa hati za mizigo mpaka kwa mama wa samosa pale nje, na hakuna hata mmoja aliyejua ninaingia wapi.

Nilikuwa nimeandika riwaya ya Kiswahili kuhusu foleni ya malori. Baba yangu alikuwa dereva wa trela, na sehemu kubwa ya maisha yake aliimalizia kwenye hiyo foleni ya kuingia Uganda. Humo aliugua, humo akafa, mzigo wa watu ukiwa bado haujavuka. Wachapishaji wa Nairobi waliisoma wakasema ni nzuri sana, niirudishe ikishawekwa kwenye orodha ya vitabu vya shule. Itawekwaje na haijachapishwa? Wakaniambia hilo ni swali zuri. Basi mtafsiri mmoja wa Kijerumani, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, akaipenda akaipeleka kwao.

Huko ndiko nilikojua foleni ni nini. Kwanza mswada unapewa wasomaji wa kutoa maoni, na kila mmoja anaandika insha ya kueleza kama wengine waruhusiwe kuusoma. Kisha kuna mfuko wa kusaidia tafsiri. Mfuko una kamati, na kamati ina likizo. Ukipona hapo unaingizwa kwenye programu, yaani orodha ya vitabu vya msimu: iko ya majira ya kuchipua na iko ya vuli, na ukikosa moja unakaa nusu mwaka na heshima zako ukingoja nyingine. Katalogi yao inatoka mapema, inakisifu kitabu ambacho bado kiko mezani kinakatwakatwa. Sisi hapa mpakani mtu akitangaza mzigo ambao haujafika tunamwita tapeli. Wao wanamwita mchapishaji.

Tena sheria yao inataka kitabu kipya kiuzwe bei ile ile nchi nzima, duka kubwa, duka dogo, hakuna kupunguziana. Nilimweleza jirani yangu anayeuza mitumba Busia, akawahurumia kabisa. "Sasa wakiingia dukani wanaongea nini?" akaniuliza.

Jalada la kwanza walilonitumia lilikuwa na twiga. Nikawauliza kwa adabu zote kama twiga huyo amegongewa muhuri wa kuvuka, maana miaka yote niliyokaa Malaba sijamwona kwenye foleni. Waliomba radhi, wakamtoa, wakaliacha jua. Jua lenyewe linazama nyuma ya malori yaliyoelekea Uganda, yaani linazamia upande wa Nairobi. Mtu huchagua vita vyake.

Vita vyangu vilikuwa na mhariri. Huko mhariri si mtu wa kusahihisha koma. Anaingia ndani ya kitabu chako na viatu vyake, anafunua sufuria, anauliza ni nani aliyetia chumvi na kwa nini. Mwanamke huyu alikuwa mpole na hachoki, ana penseli, na swali lake ni lile lile: umejuaje? Dereva anaosha magurudumu kabla ya kuosha uso, umejuaje? Nimemwona. Sawa, anaendelea. Niseme ukweli, alinikera mpaka nikaanza kumwota.

Kisha tukafika kwenye sura ya mazishi. Jeneza la dereva linashuka kaburini, na mkewe anajifunika mdomo kwa leso, anacheka. Sikueleza chochote. Ndivyo ilivyokuwa: siku tulipomzika baba kule kwetu Bukhayo nilimwona mama kwa macho yangu akicheka. Mhariri akaandika pembeni, "Anacheka nini? Siamini."

Nikamjibu kwamba kwetu uchungu ukizidi huzunguka ukatokea upande wa pili. Akauliza, nani amekwambia? Nikamwandikia ukurasa mzima juu ya wajane wa Magharibi mwa Kenya, maneno mazito, hata mimi nilijivunia. Akarudisha: nani amekwambia? Hakuna aliyeniambia! Mtoto gani wa Kibukhayo atamuuliza mamake alicheka nini kwenye kaburi la babake? Ng'o. Wengine walikwenda na siri hizo mpaka kwao kaburini na hakuna aliyepungukiwa.

Lakini katalogi ilikuwa inakwenda mitamboni. Mhariri akasema, kwa upole ule ule wa kuudhi, kwamba ikiwa hata mimi nabahatisha, kicheko kitolewe. Na mimi nilikitaka kile kicheko kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Ukikitoa, kinachobaki ni habari za malori.

Basi si akaja. Alikuwa na mkutano Kampala, akaona heri avuke tumalizane ana kwa ana. Kumpeleka hotelini bila kumfikisha kwa mama ilikuwa aibu, kwa hiyo tukaenda Bukhayo. Njiani nilimwonya: ya mazishi hayaguswi. Tunakula, tunapiga picha, tunaondoka. Akasema bila shaka. Nikamwambia mama huyu ndiye anayenitengenezea kitabu, basi. Nilijiona mjanja.

Mgeni wetu, kumbe, hali nyama. Mama alikuwa ameshachinja. Na si kuchinja tu: alipopakua, ile firigisi akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mwenye nyumba. Tangu baba afe mama huila mwenyewe jikoni, na sisi watoto tumejifunza kutoangalia huko. Nikamweleza mhariri kwa Kiingereza kile kilichoko mbele yake ni nini, nikitumaini atakataa kistaarabu. Aliitazama kidogo, akaitia mdomoni, akaitafuna yote. Firigisi haina haraka. Mama alimsubiri mpaka akameza.

"Sasa huyu ni mtu wa hapa," mama akaniambia. "Muulize ana neno gani. Mtu hatoki Ujerumani kuja kula kuku."

"Hana neno, mama. Amekuja kukusalimia."

"Wewe muulize."

Mhariri naye akataka kujua mama anasema nini. Hapo nikawa sina pa kukimbilia, maana mkalimani ni mimi mwenyewe. Nikamtafsiria. Akaweka uma chini, akamgeukia mama, akauliza lile lile la miaka yote, polepole. Nami nikalisema kwa Kiswahili kwa sauti ya mtu anayeiba: "Anauliza, siku ile ya baba, ulicheka nini."

Mama aliendelea kuchambua mfupa. Nilidhani atasimama aondoke. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumwomba msamaha.

"Ulikuwa umesimama pale karibu na udongo," akasema, akiniangalia mimi, si mgeni. "Ndugu zako wote wanalia. Wewe unaangalia watu mmoja mmoja, nani analia kweli, nani anajilazimisha. Ukaangalia mpaka viatu vya pasta. Baba yako alikuwa ananiambia kila siku, huyu mtoto hata nikifa hatanililia, atasimama pembeni aone vile watu wanalia. Nikakuona. Nikageuka hivi nimwambie, si unaona, ni vile ulisema." Aligeuza shingo kuelekea ukutani, akarudi. "Nikakumbuka hayuko. Na kicheko kilikuwa kimeshatoka."

Nilishusha macho kwenye ugali.

"Anasema nini?" mhariri akauliza.

"Huyo usimpe," mama akasema. "Hayo ni yangu na baba yako. Siku moja ukitaka, wape watu wetu, wa lugha unayoweza kunisomea nikasikia. Kwao yasiende."

Nikamgeukia mhariri nikamwambia, anasema hakumbuki.

Mwanamke huyu alikuwa amenishika katika kila uongo wa kitabu kizima, hata ule mdogo wa rangi ya turubai. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Akatoa mswada kwenye mfuko, akatafuta ukurasa ule, akafuta swali lake kwa raba hadi karatasi ikabaki safi. "Kicheko kibaki," akasema, akarudi kwenye sukuma wiki yake. Kitabu kilipotoka, mhakiki wa gazeti moja kubwa la huko aligundua kwamba mjane yule anaucheka mpaka uliochorwa na wakoloni. Kimeeleweka vizuri sana, niliambiwa.

Siku ile mezani mimi nilikuwa nimeinamia sahani. Machozi yalikuwa yanadondokea ugali, mbele ya mgeni, na sikuweza kuyazuia. Mama alinisogezea leso yake.

"Sasa ndiyo unalia," akasema. "Na yeye hayuko aone."