Mkono wa Kaka Yangu kwenye Hatamu

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka huu, nilimpoteza kaka yangu kwa malaria iliyopanda kichwani. Aliacha tandiko moja na farasi wa kijivu ambaye hapa Jebel, mtaa wetu wa Juba, hakuna mwingine aliyejua kumwongoza.

Tulikulia Kenya, ukimbizini. Huko kaka alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi nje ya Nairobi, na mwalimu mmoja, mama mzee wa Kizungu, alimwonyesha kazi ya zamani ya kumfunza farasi bila kumvunja moyo. Tuliporudi Juba alimkuta huyu wa kijivu kwa mfanyabiashara kutoka kaskazini, akamnunua. Mdomo wake ulijaa makovu. Walikuwa wakimtia kinywani lijamu ya waya.

Kwa miezi mingi kaka hakumpanda. Alimzungusha kwa kamba ndefu nyuma ya nyumba, akimtaka jambo moja tu: atembee kwa mwendo uleule, bila woga. Halafu akamfundisha kupinda kushoto na kulia sawasawa. Mwisho kabisa, abebe uzito kwa miguu ya nyuma ili mbele awe mwepesi. Jirani yetu Mganda, anayeuza maji kwa mkokoteni, alisimama getini kucheka.

"Mzee, huyu alizaliwa hajui kutembea?"

"Anajua. Anajifunza kutembea na mtu mgongoni."

"Hata mimi iko na mke mgongoni. Nifundishe!"

Kaka alicheka naye, lakini mkono haukutikisika. Unaomba kwa vidole, aliniambia, si kwa mabega. Farasi akikubali hata kidogo, unalegeza papo hapo. Akitoa hatua moja nzuri, unashuka, kazi ya siku imekwisha. Mimi nilidhani anapenda kupumzika.

Baada ya matanga, mjomba alisema farasi aondoke. Mimi nauza maharagwe, siwezi kumlisha. Punda aliyevuta mkokoteni wa jirani alikuwa amekufa, na jirani akaomba apewe farasi. Nilikubali. Kilichoninyima raha ni ule mdomo wa farasi, uliokwisha kuzoea mkono mwepesi, kwa sababu ndiyo kazi pekee ya kaka iliyobaki. Jirani akaja na waya mkononi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kumshika, sista. Husan huyu ni mkubwa," akasema, akimtaja farasi kwa Kiarabu cha Juba.

Nikamwambia atumie lijamu ya kaka. Akaitumia, akavuta. Farasi akainua kichwa, akakita miguu. Akavuta kwa mwili mzima.

"Ona, amekataa! Anamlilia marehemu."

Nikamnyang'anya hatamu, na mimi nikavuta, tena kwa hasira kuliko yeye. Farasi akarudi nyuma mpaka makalio yakagonga ua. Hapo ndipo nilipoyaona mabega yangu, yamepanda hadi masikioni. Nikayashusha. Nikakaza vidole kidogo, nikalegeza. Hakuna kitu. Nikarudia. Sikio moja likanigeukia. Kisha mguu wa nyuma ukaingia chini ya tumbo, akapiga hatua. Nikaachia hatamu yote.

"Haya, twende sasa!" jirani akasema.

"Kalas. Leo imetosha."

"Hatua moja tu?"

"Moja. Rudi kesho, bila waya. Ukishajua, utamchukua."

Alisonya, lakini alirudi, na akaendelea kurudi kila akimaliza kuuza maji. Kila alipomfokea farasi nilimnyang'anya hatamu. Watu huniuliza kama nilimhisi kaka mikononi mwangu siku hizo. Sikumhisi. Nilihisi ngozi ya hatamu na jasho.

Jumamosi iliyopita jirani aliomba kwa vidole, na farasi akatoka naye getini. Nilibaki nikiitazama ile hatamu. Walipofika kona ya kinyozi, bodaboda ikapita kwa mngurumo, farasi akarusha kichwa juu. Nikaona mabega ya jirani yakipanda. Kisha yakashuka. Hatamu ikalegea, wakakata kona.